Jozi Isiyo na Kijiti

Karakana iko chini ya nyumba, theluji imefika dirishani.
Irmtraud Weigelt anawasha taa, kisha mashine ya kukereza,
na tufe la kwanza la asubuhi linatoka dogo, jeupe:
haidrojeni. Tundu moja tu.
Haidrojeni haina makuu.

Shule za Saksonia zimeagiza seti mia mbili.
Kaboni nyeusi, oksijeni nyekundu, naitrojeni buluu,
rangi zinakaukia kwenye trei za mayai.

Kaboni ndiyo inayotesa keekee.
Matundu manne, wala si kama miguu ya meza:
kila moja limkimbie mwenzake hadi pasiwe na pa kukimbilia,
nyuzi mia na tisa na nusu.
Teleza kidogo, na methani ya mtoto fulani darasani
itasimama ikichechemea.
Wasemao fahali wawili hawakai zizi moja
hawajaiona hii. Humu wamekaa wanne,
na zizi halijavunjika.

Tilo, mwanagenzi, ana miaka kumi na sita na maswali ya bure.
Anageuza tufe jekundu kiganjani.
"Matundu mawili tu. Mbona yasitazamane, huku na huku,
kama ile hewa tunayoitoa puani?
Nani aliyeyapinda maji?"

Irmtraud anapuliza unga wa mbao.
"Wako wawili wengine tusiowatobolea tundu.
Jozi mbili za elektroni, za oksijeni yenyewe.
Hazikumshika mtu. Hazina kijiti, hazina rangi.
Lakini zimekaa, Tilo. Na zikikaa, zinasukuma."

Kijana anapapasa upande wa pili wa tufe,
ulio laini, mtupu.

Saa nne wanakunywa chai.
Meza ina viti vinne: kimoja cha Gotthold,
kimoja cha binti aliyehamia Leipzig akasahau namba ya simu.
Yeye na Tilo wamebanana upande mmoja,
viwiko vinagusana kila mmoja anyanyuapo kikombe,
na hakuna anayetundika hata koti
kwenye vile viwili.

Theluji inaanza tena.
"Yangenyooka," anasema, akitazama nje,
"yasingeshikana hivyo. Yangekuwa mvuke, yamekwenda zake."

Anasukuma kikombe kando. Anamkabidhi keekee.
"Mia na nne na nusu.
Usije ukaninyooshea."