Miguu ya Tsiala

Wengine wanakumbuka uso. Mimi nakumbuka miguu,
soksi za sufu za kijivu, ya kushoto imetobolewa na kidole gumba,
kwa kuwa miaka kumi na tisa, kila alfajiri, pale Telavi,
ulizama kichwa chini ndani ya tanuri la udongo
ukibandika mikate kwenye ukuta wa moto,
nami nikikushika vifundo usije ukatumbukia.
Kazi ya mikono minne, ulisema.
Miwili ya mkate, miwili ya Tsiala.

Ulitoka humo umeiva uso, nyusi nusu,
ukiitukana ngano, ukiyatukana magoti yako,
na Vazha wako aliyekwenda Ugiriki kuchuma machungwa
akasahau njia ya kurudi.

Sitasema ulikuwa malaika.
Uliwakopesha walevi mikate
ukaandika deni kwenye daftari langu.
Mwaka ule wa mvua ya mawe tulinuniana miezi mitatu
kwa ajili ya ndoo, ndoo ya bati, wala sikumbuki ilikuwa ya nani,
na bado kila alfajiri ulizama bila kuniambia neno
nami nikakushika bila kukuuliza.
Sijaona radhi nzito kuliko hiyo:
mtu aliyekununia akuachie uzito wake wote.

Tulijiita wa kufa na kuzikana.
Maneno matamu, yanatamkika upesi.
Hatukukaa chini kugawana nani achukue lipi.
Wewe ukachukua lako Februari, theluji ikiwa magotini, bila kuaga;
mshipa mmoja kichwani, alisema daktari, mwembamba kama uzi.
Mimi nikabaki na langu.
Ardhi ilikataa jembe, wakaleta sululu.
Nilikuvisha soksi mpya.
Hazikukukaa. Zilikuwa za mtu mwingine.

Sasa nina kijana, Tornike, mrefu, mikono kama pao,
anafika kila pembe ya tanuri, hahitaji kushikwa.
Nasimama nyuma yake viganja wazi
kama mgeni anayengoja kumwagiwa maji anawe.
Juzi akageuka: "Shangazi Eteri, umepoteza kitu?"
Nikamwambia akaangalie chachu.

Na unga bado napima wa watu wawili.
Donge linalobaki nawapa kuku wa Manana.
Wamenenepa, ungewaona.

Pasaka nilikuja.
Nilileta mayai mekundu, na mvinyo wa kwa Nodari,
ule uliouita siki na ukaumaliza.
Nikalowesha kipande cha mkate, nikakiweka kichwani pako.
Nikakusomea daftari: walevi wamelipa wote isipokuwa Gogi,
naye nimemsamehe kwa jina lako, ukitaka ukasirike.
Halafu yai, kama desturi inavyotaka, nililibingirisha juu ya kaburi.
Lilikwenda shubiri tatu, likakwama kwenye magugu,
upande wa miguu.
Nilicheka peke yangu. Waliokuja kwa wafu wao wakageuka.

Sikulichomoa.
Nilipiga magoti hapo hapo, mikono juu ya udongo,
pale nilipokisia vifundo vilipo.
Ulikuwa umeanza kupata joto, udongo, joto kidogo la Aprili.
Watu wakafunga vikapu vyao, wakashuka kilimani.
Mimi nilikaa mpaka giza,
nimeegemea nyuma kidogo,
kwa mazoea.