Njumu

Fundi Faustino alinifunza kwanza kufagia.
Miezi saba, ufagio na kitambaa kibichi,
kwa sababu vumbi la chini ya meza zetu lina bei,
na aproni zetu hazikwenda nyumbani kufuliwa:
zilichomwa kila mkesha wa Krismasi, jivu likachekechwa,
likayeyushwa, likatoka tone
kubwa kama punje ya mtama.
"Mshahara wa ufagio," akasema,
akalitia katika kikebe chake cha ugoro.

Hapa Gardone mto Mella unapita nyuma ya karakana
na rangi ya maji yaliyooshewa tupa.
Kila nyumba ina mtu wa chuma:
huyu mtutu, yule kifyatulio, kaka yangu springi.
Mimi Ersilia nikapewa mpini.
Husemwa aliyeshika mpini ndiye mwenye neno,
aliyeshika makali na anyamaze.
Sijasikia lolote
juu ya anayeutia mpini njumu.

Mbao ni ya mjozi, ya kisiki, si ya tawi,
imekaa darini miaka tisa ikisahau maji.
Dhahabu ni bamba, jembamba kama kucha ya mtoto.
Nikishalichonga nakshi naligeuza mgongo,
nalishika juu ya mshumaa
hadi liwe jeusi, ndiyo, dhahabu,
jeusi kama tako la chungu.
Nalilaza katika shimo nililochimba,
nabana, nalitoa.
Masizi yanasema pale mbao inapokataa.
Nakwangua hapo: unywele mmoja wa mjozi.
Mshumaa tena. Nabana tena.
Siku ya kwanza wanagusana mahali pawili.
Siku ya tatu shimo lote ni giza,
na hapo ndipo najua wamekubaliana.

Kisha nyundo ya pembe, kugonga kwa kubembeleza,
hadi dhahabu itambae chini ya ukingo
nilioukata kwa ndani,
kama shavu linaloficha peremende.
Hakuna gundi. Hakuna msumari.

Bwana Archetti wa Iseo, mwenye kiwanda cha nyavu,
alitaka kware wawili: dume kushoto, jike kulia.
"Watazamane," akasema.
"Haiwezekani, Bwana. Kati yao kuna chuma,
kila mmoja ana upande wake."
Akafikiri, akizungusha kofia mikononi.
"Basi wageukiane tu. Wao wenyewe watajua."

Alirudi Jumamosi na mkewe, Noemi,
mama wa miwani minene, harufu ya kafuri.
Akaishika bastola kama wanaume wanavyoishika dukani,
mkono umenyooka, jicho moja limefumba,
na kware wakatoweka,
dume chini ya ncha za vidole,
jike katikati ya kiganja.
"Wamekwenda wapi?" mkewe akauliza.
Akafungua mkono: hawa hapa.
Akafumba: hawapo.
Akacheka kama mtoto aliyepewa tochi.

Noemi hakucheka. Aliichukua,
akailaza juu ya kitambaa cha kijani, akaiinamia.
Dume, kila unyoya.
Akaigeuza. Jike.
Akaigeuza tena.
"Siwezi kuwaona wote kwa mara moja."
"Ndivyo, Signora."
"Miaka thelathini na moja," akasema,
sijui akimwambia nani,
na mumewe alikuwa tayari anahesabu noti.

Sikuwaambia kuhusu masizi.
Kwa desturi huwa nayafuta kwa spiriti kabla ya nyundo;
safari hii niliyaacha migongoni mwao,
meusi, yamelala dhidi ya mbao,
hadi siku mtu atakapoing'oa kazi yangu
kwa bisibisi, na kulaani uchafu.

Macho niliyachimba mwisho, kwa ncha nyembamba kuliko zote.
Makombo yake, mawili, hayakufika hata sakafuni.
Yamo mahali fulani katika aproni hii,
kwenye pindo, labda, au mshono wa mfuko.
Naivaa nikikata mkate.
Desemba bado mbali.