Tundu Ukutani

Fomu ina maswali arobaini na mawili.
Nimeibeba kutoka Nakuru ndani ya faili la plastiki,
nikavuka Londiani kwenye ukungu, nikateremka
hadi Muhoroni, ambako hewa inanuka molasi
na malori ya miwa yameifukua barabara kama fuko.

Swali la kwanza: jina la mwalimu.
Zablon Ogwayo. Uchomeleaji. Miaka kumi na tisa.
Orodha niliyopewa inasema: Hakumaliza.
Neno lenyewe jekundu,
kama sahani iliyorudishwa jikoni nusu.

Kwa kipimo cha moja hadi tano,
mtandao ulikuwa wa kutegemewa?
Anacheka, anakohoa, anacheka tena.
Bando la kwanza liliisha mkufunzi akiwa bado anasalimia.
La pili alilinunua kwa pesa ya sare ya mtoto.
Somo la tatu alilitazama juu ya tangi la maji,
simu mkono huu, ngazi mkono ule,
mkewe chini akiuliza
kilichoisha ni maji au ni akili.
Naandika: mbili.

Mifano ilifanana na mazingira yako?
"Karakana yao nyeupe kama wodi," anasema.
"Kila mtu na miwani yake.
Sisi tuna miwani minne, wanafunzi thelathini na mmoja,
na huyo mmoja ana macho makali kuliko wote, basi hupewa mwisho."
Sijui niandike ngapi.
Naandika: mbili. Nafuta. Mbili.

Swali la thelathini na tano halina visanduku.
Eleza badiliko moja katika ufundishaji wako.
Mistari mitatu mitupu.
Anainuka. "Njoo."

Karakanani Felgona amepiga magoti,
uso nyuma ya kioo cheusi,
na moto unaimba mlio wa omena
wanaorushwa kwenye mafuta yaliyoiva.
"Ukisikia hivyo, usimguse," Ogwayo ananong'ona.
Kisha ananionyesha ukuta.

Tundu.
Matofali sita yameng'olewa, kingo zimeumwaumwa,
na ng'ambo yake shamba la miwa, na mbingu kidogo.
Moshi wa zinki unapanda, unasita,
unapinda shingo, unaliona, unatoka.

"Miaka yote hiyo niliwaambia wanywe maziwa.
Mwalimu wangu aliniambia, nami nikawaambia.
Mimi mwenyewe, pakiti kila jioni,
na usiku homa ileile, mifupa ikigongana kama sufuria.
Somo la nne likasema: maziwa ni ya chai.
Moshi haunyweki, hautapikiki, utafutie njia.
Dakika sita tu, mama, bando likakata.
Sikungoja mtihani. Nikachukua tindo."

Anataja jina moja, Barasa,
kijana wa zamani aliyekuwa na mkono mwepesi.
Anavuta pumzi. Hasemi zaidi,
na fomu yangu haina swali lake.

Ananipa barua ya mkuu wa chuo:
uharibifu wa mali ya taasisi,
gharama ya matofali itakatwa kwenye mshahara
kuanzia mwezi ujao.
Ameikunja mara nne. "Weka na hii," anasema,
"kama ushahidi kwamba nilisoma."

Usiku, chumba cha kulala wageni,
mbu wakinikagua kabla sijawakagua wao,
naingiza majibu kwenye jedwali.
Safu ya thelathini na tano naandika: tundu.
Jedwali linakataa. Weka tarakimu.
Naweka sita, hesabu ya matofali.
Linakataa tena: kipimo kinaishia tano.

Kuna tano pale, ningeibonyeza nilale.
Badala yake nafungua dirisha,
nakaa nikisikiliza trekta likivuta miwa gizani,
na kisanduku kile nakiacha
kimewaka jekundu.