Mpapai Dume

Mbegu sikutumiwa na mtu, hazikuvuka bahari:
papai la sokoni, la kibandiko, ubavu umebonyea,
riali moja na baisa mia mbili.
Nikazikwangua kwa kijiko, nyeusi, telezi,
kila moja na utando wake kama yai la chura,
nikaziminya kwenye chujio la chai
mpaka zikavuka nguo,
nikazianika juu ya ukurasa wa nyumba za kupanga.
Sleyum akauliza, "Pilipili manga?"
"Tia kwenye supu," nikamwambia, "uone."

Kumi na mbili nikazifukia katika makopo ya maziwa ya unga
niliyoyatoboa matako kwa msumari.
Maji ya bomba hapa Al-Khoudh yana chumvi,
huacha mchoro mweupe kama jasho mgongoni mwa kanzu;
basi ndoo nikaitega nyuma ya kiyoyozi.
Tone, tone, usiku kucha.
Sisi ndani tumejifunika blanketi mwezi wa Aprili,
nje zinakunywa ubaridi wetu.

Siku ya kumi na saba, kichwa kimoja, kimeinama
kama mtoto aliyechelewa chuoni.
Kisha kingine. Kisha saba.
Mei ikaja na upepo wa gharibi, pumzi ya tanuri,
ikachukua minne.
Mbuzi, wa nani sijui, akachukua miwili.
Uliobaki nikaukingia kanga yangu ya zamani,
ile ambayo hata jina halisomeki tena.

Ukapita dirisha. Ukapita ukuta.
Ukatoa maua, lakini si yale manono
yanayojibana kwapani mwa jani;
haya membamba, marefu, yananing'inia
kama hereni za mtu asiyekosa harusi.
Dume.

Wifi yangu Ghania akaja na hukumu ya Pemba:
"Pigilia msumari wa kutu shinani, siku ya Ijumaa,
utageuka jike."
Sleyum yeye akaja na msumeno.
"Miaka miwili," akasema, "maji, kanga, maneno matamu,
na hata tunda moja?"
Nikanyamaza.
Mimi na yeye tuna miaka thelathini na moja, hatukujaaliwa,
na hapana aliyetujia na msumeno.
Sikulisema. Nadhani alilisikia,
maana aliuteremsha mkono, akawa anayatazama meno ya chuma
kama aliyeazimwa kitu asichokijua kazi yake.

Ndipo kichwa cha Ummu Yaqdhan kikachomoza ukutani
kuuliza, kwa Kiarabu cha Bahla, kelele za nini.
Alipoambiwa alicheka mpaka ushungi ukamwanguka.
"Mkate dume? Kwetu mtende dume una jina lake!
Wa babu yangu ulitosheleza mitende arobaini,
na msimu ukifika watu walibisha hodi tangu alfajiri
kuomba karara lake."
Kumbe kwake, nyuma ya tangi la maji,
umesimama mpapai jike, mzima, mrefu,
unadondosha vitoto vyake kila wiki
na yeye akidhani ni jicho la mtu.

Jioni akaingia na kigoda.
Akachuma hereni sita, akazitia kwenye kikombe cha kahawa,
akaondoka nazo ameziziba kwa kiganja.
Ng'ambo ya ukuta nilimsikia akitaja Bismillahi,
ua kwa ua,
polepole, kama apakaye wanja mtoto aliyelala.

Leo papai limekaa juu ya ukuta.
Halina kibandiko. Lina alama ya kidole cha mtu
aliyelibonyeza kila asubuhi akiuliza, bado?
Sleyum akalikata. Akala vipande vinne, kimya.
Kisha akanyoosha mkono, akachukua kijiko,
akakwangua mbegu zote, hakuacha moja,
akafungua kabati la vyombo, akafunga, akafungua la pili.
"Chujio la chai," akasema, "unaliweka wapi?"