Jumamosi Tatu

Umeuliza, kaka Shija, kwa nini nimeikataa kazi ya mjini,
ile yenye kiyoyozi na chai ya saa nne.
Nakujibu huku viatu vyangu vinanuka dagaa.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda huko, sikudharau.
Kaunta ya kioo, sakafu unayojiona uso.
Bwana Rweyendera alinipa koti jeupe, pasi imenyooka,
na kitambaa cha kufutia vumbi.
Kutwa niliuza losheni, nepi, miwani ya jua.
Mtu mmoja tu aliniuliza habari za dawa:
alitaka kujua kama ile ya kikohozi ina ladha ya ndimu.
Malipo yangetosha kodi ya chumba, nakiri.
Bumu limekata, unajua.
Nilipiga hesabu mara mbili nikipanda kilima cha Bugando,
mara mbili ikakubali.

Jumamosi ya pili, stoo ya hospitali.
Maboksi mpaka darini.
Inayowahi kuisha muda ndiyo iwahi kutoka;
jokofu lisomwe asubuhi, lisomwe jioni,
maana chanjo zipo zinazouawa na baridi
kama nyingine zinavyouawa na joto.
Nilijifunza, sikatai.
Mama Nyamizi wa stoo hana neno na mtu,
na maboksi yake hayana neno pia.
Jioni nikagundua tangu asubuhi
sijatazamana na mgonjwa hata mmoja.

Ya tatu ni Kirumba, Mwaloni,
kibanda cha dawa kati ya muuza nyavu
na magunia ya dagaa yanayongoja lori la Kongo.
Bi Ng'washi, nesi mstaafu,
miwani ameifunga kwa uzi wa nyavu.
Hakuniuliza niko mwaka wa ngapi.
Alisema, "Nawa mikono, kaa hapa."

Akaja Lutonja, mbeba magunia, kidonda mguuni.
Nilihesabu vidonge, nikaandika kwenye bahasha
kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: 1×3.
Saa tisa karudi, ameshika tumbo.
"Dada, moja mara tatu ni tatu.
Nimezimeza zote tatu kwa mpigo."
Somo hilo, kaka, nilipata A.

Bi Ng'washi hakucheka, wala hakunigombeza.
Aliichukua bahasha, akachora jua linachomoza,
jua la utosini, halafu mwezi,
na chini ya kila kimoja nukta moja.
"Hesabu yake iko sawa," akaniambia. "Yako ndiyo sina hakika nayo."

Kabla hatujafunga akaja mwanamke, magamba kwenye viwiko,
mia tano imekunjwa kama hirizi.
"Nipe rangi mbili. Vidonge viwili tu."
Mimi nikavuta pumzi:
nina mhadhara mzima wa usugu wa dawa,
kurasa arobaini, na michoro.
Bi Ng'washi akanitangulia kwa maneno matatu:
"Nani anaumwa, mama?"
Mtoto. Anaharisha tangu jana. Hapana, damu hakuna.
Analia? Analia. Machozi yanatoka? Yanatoka.
Akaondoka na pakiti za chumvichumvi, zinki kwa mkopo,
na agizo la kurudi asubuhi na mtoto mgongoni.
Mhadhara wangu nikaumeza, bila maji.

Hiyo ndiyo sababu. Sijui kama ni sababu.
Malipo ni elfu tano na fungu la dagaa,
na kodi, naam, kodi ndiyo hiyo unayoijua:
mwezi ujao nitakupigia simu, usizime.

Mtoto aliletwa. Anakojoa, anadai uji.
Na mimi, kila usiku bwenini, nyuma ya daftari la famakolojia,
najifunza kuchora.
Jua nimeliweza, yote mawili.
Mwezi bado.
Jumamosi iliyopita Lutonja aliugeuza huku na huku,
akauliza kwa adabu
kama kidonge cha usiku
ni lazima kiliwe na ndizi.