Tumbusi wa Bati

Baba anafuta meza kwa kiganja,
makombo ya mkate yanaanguka, paka anayangoja chini.
Kisha anatandika jangwa:
shuka kuukuu la rangi ya vumbi, na katikati
utepe wa buluu uliokuwa wa nywele zangu.
Huo ndio mfereji.
Kwa huo Lagash na Umma walichinjana
kabla mji wetu wa Shatra haujapata hata jina.

Askari ni wa risasi.
Risasi ya betri za magari, nieleweke,
si ile nyingine; ile tumeiona ya kutosha.
Nimewapaka rangi mimi, mia mbili na sita,
hakuna anayefika kimo cha kidole gumba.
Macho nimewatilia makubwa,
ya watu walioamshwa usiku na kuambiwa: twende.
Punda wanne kwa kila gari, na magari yenyewe mazito,
magurudumu ya mbao nzima, hayajui kupinda kona.

Mpinzani ni Khudayyir, fundi wa pampu.
Kila Alhamisi anapewa Umma
kwa sababu shamba lake liko juu ya letu, maji humfikia kwanza,
na kwa sababu Umma hushindwa. Imeandikwa.
"Imeandikwa na nani?"
"Na Lagash," anasema Baba, akimimina chai, wala haoni haya.

Lazima kwanza wagombane; bila hivyo dadu hazirushwi.
"Mlikopa shayiri yetu. Riba ikazaa riba, ikapata wajukuu."
"Mali bila daftari hupotea bila habari."
"Daftari lipo! La udongo, limeiva tanurini."
"Basi litafune."

Zamani walipima mwendo kwa vidole.
Lakini Khudayyir mkono wa kulia anavyo vitatu,
viwili aliviacha Faw, na hasemi zaidi ya hapo.
Siku hizi wanatumia rula yangu ya shule.

Sita. Sita. Tano.
Mimi nilikuwa namenya vitunguu, nikasikia kimya.
Gari la Umma lilikuwa limeingia ubavuni mwa ngao za Lagash
pale ambapo Baba huacha mwanya kila wiki
akiamini hakuna atakayethubutu.
Safu sita za mikuki zikalala kama shayiri iliyopigwa na mvua ya mawe.
Mfalme wetu alianguka kifudifudi juu ya utepe.

Sasa, kuna sheria.
Vita vikiisha, mshindi huweka tumbusi juu ya maiti.
Niliwakata mwenyewe kutoka kopo la sadini, wanane,
na miaka yote hawajawahi kula upande wetu.
Khudayyir akawaokota mmoja mmoja,
akawashika katika vile vidole vitatu
muda wa chai kupoa.
Kisha akawatia mfuko wa shati.
"Leo wameshiba," akasema, akaomba viatu vyake.

Baba alibaki anakunja jangwa.
"Maji yenu, basi," aliuambia mlango.
Nje mfereji wenyewe, wa kweli,
ulikuwa na chupa mbili za plastiki na ufa.

Jumamosi mkewe akawarudisha,
wamefuliwa pamoja na shati.
Rangi yangu nyeusi yote imetoka.
Sasa kila tumbusi ana, chini ya bawa,
kipande cha samaki mwekundu aliyechapwa kiwandani,
na mmoja wao, jicho zima.