Bakuli la Koridoni

Imezimika tena ile ya juu ya ngazi,
karibu na mlango wa bafu.
Haikukata roho mara moja.
Wiki nzima ilipepesa,
ikanikonyeza kila nikipita na kapu la nguo,
mpaka Mwanakheri akasema, "Mama, taa ina kwikwi."

Nikalitoa boksi lake kabatini. Mimi hutunza maboksi.
Saa elfu kumi na tano, limeandikwa,
na chini yake, kwa wino wa kijani: miaka kumi na mitatu.
Risiti imo humo humo, imefifia: Machi, mwaka jana.
Leo Februari.
Nikapiga hesabu nyuma ya barua ya umeme,
saa sita kwa siku, siku mia tatu na arobaini,
elfu mbili na arobaini tu.
Basi nawadai saa elfu kumi na mbili,
mia tisa na sitini.
Ahadi ni deni, sawa,
lakini mdaiwa ni boksi.

Mzee Haigh wa mlango wa pili
alifunga nyaya za viwanda vya sufu hapa Huddersfield
kabla havijageuzwa fleti za watu wenye baiskeli za kukunja.
Aliishika balbu yangu, akaitikisa sikioni
kama mtu anayechagua nazi,
akatandika gazeti juu ya meza yangu
akaikata shingo kwa msumeno wa chuma.

"Tazama."
Vijitaa vyenyewe, vya manjano, vidogo kama chenga za mchele,
alivigusa kwa kipimo chake kimoja kimoja
na kimoja kimoja vikawaka.
Vizima vyote! Vilikuwa tayari kwa hiyo miaka kumi na mitatu.
Kilichokufa ni kapasita,
kipipa kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho,
kimefura utosini kama andazi,
na plastiki inayokizunguka imeungua rangi ya chai.

"Joto," akasema.
Hizi hazitupi joto mbele kama zile balbu za waya
zilizokuwa zikituunguza vidole.
Lake linarudi nyuma, linashuka shingoni,
na ukiifungia ndani ya bakuli la kioo
pamoja na vumbi na nzi wa tangu mpangaji aliyepita,
halina pa kutokea.

Joto!
Nami nimekaa mbele yake na makoti mawili,
nyuzi kumi na mbili sebuleni,
hita naiwasha huku naichungulia mita
kama mtu anayemwibia jirani.
Nyumba nzima inatetemeka,
na juu ya vichwa vyetu, usiku baada ya usiku,
kitu kidogo kilikuwa kinakufa kwa joto.
Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu.
Hiki kilikuwa shingoni.

Nikamkumbuka Kombo, sijui kwa nini,
miezi yake kumi na mmoja mbele ya tanuri za mikate,
shati limemganda mgongoni, nje theluji.
Mkataba wake nao ulikuwa na miaka mingi.
Nikaacha. Balbu ni balbu.
Kombo yuko Leeds, anaendesha lori la maziwa,
na mgongo wake siku hizi unalala.

Mzee Haigh akanywa chai, akaondoka na msumeno wake.
Nikapanda kiti, nikaweka balbu mpya,
na bakuli sikulirudisha.
Sasa taa iko uchi koridoni, inaumiza macho,
Mwanakheri anapita ameinamisha uso.

Wakala wa mwenye nyumba huja kila miezi mitatu kukagua.
Mara hii ataona shimo lililoachwa na skrubu, ataniuliza.
Bakuli lipo. Nimelisugua kwa magadi hadi likalia.
Lina kina kizuri,
na tangu Jumapili naloweka kunde humo.
Akipiga simu kwamba yuko njiani
nitazimwaga kwenye sufuria,
nitalifuta, nitapanda kiti.

Akishavuka geti, nashuka nalo.